Albamu mpya ikitoka, sifu muziki usisifu mtaa

IKIWA unaishi Kibera au Kawangware, huhitaji redio wala gazeti kukujulisha kwamba mwanamuziki fulani amefyatua albamu mpya. Habari hizo zitakupata ukiwa kitandani, kwani ukuta wa mabati hauzuii sauti. Jirani atakifungulia kibao asubuhi akifua nguo, kinyozi atakirudia saa sita, na jioni utingo wa matatu atakiongeza sauti hadi vioo vitetemeke. Kufikia wakati wa chajio mtaa mzima utakuwa umeshatoa hukumu yake: albamu ni kali, au albamu ni bure kabisa.

Swali ninalokuletea leo, msomaji mpenzi, ni hili: Je, hukumu hiyo hutolewa kwa kuusikiliza muziki, au hutolewa kwa kuangalia aliyeimba anatoka mtaa gani?

Tafadhali usilidharau swali hili. Mwanamuziki mkubwa ana meneja, ana wapiga picha na ana pesa za matangazo. Kijana anayechipuka mtaani hana hata kimoja kati ya hivyo. Ana majirani tu. Wakimdanganya kwamba kazi yake imekamilika ilhali ina kasoro, atatumia pesa za kodi ya nyumba kulipia studio na video, kisha aje ashangae mbona nje ya mtaa hakuna anayemsikiliza. Wakimkejeli bila sababu, atatupa kalamu na daftari, na huenda tukampoteza mtu ambaye angetufaa. Kwa hivyo maoni yako, hata ukiyatoa ukiwa umekaa juu ya mtungi wa maji, yana uzito.

Vikao vya kila siku

Mabishano kuhusu albamu mpya hayana ukumbi maalum. Yapo kwenye baze ambako vijana hukutana, yapo kwenye kibanda cha kuonyeshea video, na yapo kwenye foleni ya maji. Lakini ukitaka kusikia hoja nzito, nenda kwa kinyozi. Mteja aliyekalia kile kiti hawezi kuondoka huku nusu ya kichwa imenyolewa na nusu imebaki, hivyo basi hulazimika kuusikiliza wimbo hadi mwisho. Yamkini yeye ndiye mhakiki bora zaidi tulio naye mjini Nairobi!

Katika matatu mambo ni tofauti. Anayechagua wimbo ni dereva au utingo wake, na abiria hupiga kura kwa miguu. Gari lenye muziki mtamu hujaa upesi kituoni, na lenye muziki uliochujuka husubiri. Ndiyo maana tangu zamani wanamuziki wa Nairobi wamewapelekea wenye matatu kazi zao mpya, wakijua kuwa abiria akishuka akiimba kiitikio, atakifikisha hadi nyumbani bila malipo.

Mitaa yenyewe nayo haina sikio moja. Ukianzia soko la Toi ukaingia Makina, utakuta familia za Wanubi, ambao mababu zao walikuwa wanajeshi waliopewa makazi hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Hao wana ngoma yao ya doluka inayochezwa arusini. Ukishuka kuelekea Kisumu Ndogo na Gatwekera, utawasikia wazee wakiisifu benga ya Daniel Owino Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz. Misiani alifariki mwaka 2006 lakini nyimbo zake hazijanyamaza.

Kawangware nako, ng'ambo ya mtaa wa kifahari wa Lavington, ni mchanganyiko wa aina yake. Ploti moja yaweza kuwa na mpangaji anayempenda Sukuma Bin Ongaro kwa nyimbo zake za Kiluhya, mwingine akiwa shabiki wa Joseph Kamaru, yule gwiji wa nyimbo za Kikuyu aliyeaga dunia mwaka 2018, na kijana wa chumba cha mwisho hataki kusikia lolote isipokuwa Sheng'. Wote hutumia mlango mmoja na bomba moja. Wakianza kubishana kuhusu albamu mpya, kila mmoja huja na mizani yake, na hapo ndipo utamu ulipo.

Enzi za santuri na kanda

Ili tuelewe jinsi tunavyohukumu leo, heri tukumbuke tulikotoka. Miaka ya 1970 muziki ulikuja kwa santuri. Nyingi zilikuwa ndogo, za wimbo mmoja mrefu uliokatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande huu, na sehemu ya pili upande wa pili. Aliyetaka kuufikia utamu wa magitaa, ambao mara nyingi ulikuwa sehemu ya pili, ilimbidi anyanyuke akaigeuze santuri. Maduka kama Melodica katika barabara ya Tom Mboya yalikuwa kituo cha wapenzi wa muziki, ambapo mtu angesikiliza kwanza kabla ya kutoa pesa zake.

Kisha zikaja kanda. Kijana wa miaka ya 1980 na 1990 anakumbuka vyema jinsi kalamu ya biro ilivyotumiwa kurudisha kanda nyuma ili betri zisiishe. Kanda ya dakika 60 ilikuwa na dakika 30 kila upande, na kuruka wimbo usioupenda kulikuwa na usumbufu mwingi. Ulibonyeza, ukakadiria, ukapitiliza, ukarudi. Wengi wetu tuliona heri kuuacha wimbo ucheze tu.

Huo usumbufu ulitufaa bila sisi kujua. Wimbo ambao siku ya kwanza ulionekana kuboa, siku ya tano ulianza kuingia masikioni, na kufikia mwisho wa mwezi ndio uliokuwa ukiupenda kuliko zote. Shabiki wa kanda alitoa maoni yake akiwa ameimaliza kazi nzima, mara nyingi zaidi ya mara 10.

Leo simu imeondoa usumbufu wote. Albamu ikitoka usiku wa manane, kufikia asubuhi kuna mtu ameshaihukumu. Amefungua wimbo wa kwanza, akasikiliza sekunde chache, akaruka wa pili, akausikia ule alioshirikishwa msanii anayempenda, kisha akafunga ili bando lisiishe. Hatuwezi kumlaumu sana kuhusu bando, kwani pesa ni ngumu. Lakini je, mtu huyo ameisikia albamu? Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Huyu amebisha mlango tu, kisha akaenda kuwasimulia watu rangi ya viti.

Wetu na wao

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Tuchukue mfano wa Octopizzo, ambaye jina lake halisi ni Henry Ohanga. Ni mwana wa Kibera asiyeona haya kusema hivyo. Amejitambulisha kwa namba 8, nambari ya matatu za Kibera, na albamu yake ya mwaka 2012 aliiita 'Chocolate City', jina la kuusifu mtaa wake. Mwaka 2015 alifuatisha nyingine, 'LDPC'. Kwa watoto wengi wa Kibera, kumsikia mtu akilitaja eneo lao kwa fahari katika redio za taifa, badala ya kulitaja kwa huruma au kwa dharau, kulikuwa ni jambo kubwa.

Upande wa pili wa jiji, Kayole, yupo Khaligraph Jones, ambaye mwaka 2018 alitoa albamu 'Testimony 1990', akiutaja mwaka wake wa kuzaliwa. Wote wawili ni mabingwa wa muziki wa kufokafoka, na kwa miaka mingi mashabiki wamekuwa wakiwalinganisha. Ulinganisho wenyewe si mbaya. Unanoa masikio. Lakini sikiliza jinsi unavyofanywa. Wa Kibera hushikilia kwamba wao ndio walioanza kuitoa mitaa gizani, wa Kayole hushikilia kwamba wao ndio wenye kasi ya ulimi, na ukiuliza wimbo wa tatu wa albamu inayobishaniwa unazungumzia nini, pande zote mbili hukaa kimya. Wanashangilia jezi. Mpira wenyewe hawajautazama.

Wa Kawangware hujiona wako salama kwa kuwa ugomvi huo si wao. Wasijipige kifua. Kwao mpaka huwa wa lugha. Kuna anayekataa albamu nzima kwa sababu haielewi lugha iliyoimbwa, na kuna anayeipokea nzima kwa sababu ni ya kwao, hata kama magitaa hayajapatana.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwanamuziki anayejua kuwa mtaa wake utampigia makofi hata akikohoa, ana sababu gani ya kukesha akisaka mistari mipya? Sifa za upofu humdhuru yeye kwanza, kisha humdhuru yule mdogo wake anayechipuka, ambaye huona kuwa kutaja jina la mtaa kunatosha badala ya kazi.

Kejeli nazo zina hatari yake. Stivo Simple Boy, mwingine wa Kibera, alivuma mwaka 2019 kwa wimbo wake 'Mihadarati', uliowaonya vijana dhidi ya dawa za kulevya. Nenda ukakumbuke yaliyozungumzwa wakati huo. Wengi walijadili sura yake na matamshi yake. Ni wachache waliojadili alichokisema, ingawa alikuwa akiuzungumzia msiba ambao kila ploti inaujua. Aliyemsifu kwa sababu ni wa Kibera na aliyemcheka kwa sababu ya uso wake wamekosea kwa njia ile ile: hakuna aliyeusikiliza wimbo.

Kisa cha Sauti Sol

Ukitaka kuona mabishano ya maana kuhusu albamu yanavyoweza kuwa, rudi nyuma hadi Novemba 2015, wakati kundi la Sauti Sol lilipotoa albamu 'Live and Die in Afrika'. Kwanza, waliwaruhusu mashabiki kuipata bila malipo kwenye tovuti yao kwa muda mfupi. Pili, nyimbo kadhaa zilizokuwemo, kama vile 'Nishike', 'Sura Yako', 'Isabella' na 'Nerea', zilikuwa zimeshatamba kabla ya albamu yenyewe kutoka.

Hapo palizuka maswali ambayo hayakuhusu mtaa wa mtu. Je, albamu ni mpya ikiwa tayari umezijua nyimbo zake? Je, kumpa shabiki kazi bure ni kumheshimu, au ni kumzoesha kutolipa? Kuna aliyesema kuwa nyimbo zikikusanywa pamoja hupata maana nyingine. Kuna aliyeona kuwa hiyo ilikuwa sawa na kupashwa kiporo. Kila upande ulikuwa na hoja, na kila hoja ilimrudisha msikilizaji kwenye nyimbo zenyewe ili aziskize tena.

Mwaka 2020 kundi hilo lilirudi na 'Midnight Train', iliyotoka mwezi Juni nchi ikiwa chini ya kafyu ya corona. Matatu zilikuwa zikiegeshwa mapema na watu kujifungia nyumbani usiku. Kwa mara moja, albamu kubwa ilisikilizwa na familia zikiwa pamoja katika chumba kimoja, baba na mama na watoto, pengine kwa simu moja iliyowekwa ndani ya sufuria ili sauti ipae. Kisha mwaka 2023 kundi lilipotangaza kupumzika, na Bien akatoa albamu yake mwenyewe mwezi Novemba, mashabiki walipata swali jingine zuri: sauti ya mmoja inabeba nini ikitengana na za wenzake watatu? Swali kama hilo huwezi kulijibu kwa kuuliza mtu anatoka wapi. Sharti usikilize.

Wazazi wasijitenge

Wazazi wengi wakisikia habari za albamu mpya huziba masikio. Nawaelewa. Tangu 'Lamba Lolo' ya kundi la Ethic ilipovuma mwaka 2018 na kuufungulia njia mtindo wa Gengetone, maneno yaliyoingia sebuleni mwetu yamewatoa wengi jasho. Mwaka 2019 Bodi ya Filamu nchini iliupiga marufuku wimbo 'Takataka' wa Alvindo kwa jinsi ulivyomzungumzia msichana aliyemkataa mwanamume.

Lakini mzazi anayezima redio bila kusema neno amemwachia mwanawe hukumu yote. Kijana ataenda kuusikilizia wimbo huo kwa kinyozi, na kule hakuna mtu wa kumuuliza iwapo angependa dada yake azungumziwe hivyo. Heri mzazi ausikilize wimbo hadi mwisho, kisha aseme waziwazi ni mstari upi uliomchukiza na kwa nini. Na akubali pia kuulizwa kuhusu nyimbo za ujana wake, kwani nazo hazikuwa zote za kanisani!

Kwa wanafunzi nina habari njema. Silaha za kuchambulia albamu mnazo tayari darasani. Mwalimu wa Kiswahili akiwapa ushairi, huwauliza maudhui na fani: anasema nini, na anakisema vipi. Ichukueni albamu mpya muiulize maswali yayo hayo. Mwimbaji anazungumzia nini kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho? Takriri yake ina kazi, au ni kukosa maneno? Picha anazochora ni zake au ameziazima Marekani? Mwanafunzi anayeweza kuijibu hoja ya shabiki mwenzake barazani bila kumtusi, ameshafanya nusu ya insha ya mjadala.

Shilingi nayo ni maoni

Kuna jambo moja ambalo mashabiki hulisahau. Maoni hayatolewi kwa mdomo pekee. Ukienda kwenye kile kibanda cha kutia nyimbo katika flashi ukajaziwa albamu nzima kwa shilingi chache, mwenye kibanda amekula, mwenye umeme amekula, na mwenye sauti hakupata kitu. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inakataza kunakili kazi ya mtu kwa njia hiyo, lakini hata bila sheria, fikiria fundi wa viatu wa Kawangware ambaye kila mtu anavisifu viatu vyake na hakuna anayemlipa.

Njia halali zipo, tena nyingine si ghali. Ukiuweka wimbo kuwa mlio wa Skiza, huduma iliyoanzishwa na Safaricom mwaka 2009, sehemu ya pesa humwendea mwenye wimbo. Ukisikiliza kwa programu kama vile Boomplay au Spotify, kila usikilizaji huhesabiwa. Lakini angalia: Spotify haihesabu mpaka wimbo ucheze sekunde 30. Kwa maana hiyo, yule shabiki wetu anayerukaruka hajamnyima mwanamuziki heshima pekee. Amemnyima na zile senti.

Hatua tano

Basi ufanyeje albamu ijayo itakapotoka? Kwanza, isikilize yote, kwa mpangilio alioupanga mwenyewe, kabla hujafungua mdomo. Ikiwa bando halitoshi, changeni watu watatu au wanne msikilize pamoja. Ploti zetu hazikosi spika. Pili, ipe siku tatu kisha uirudie, kwa sababu si kila kizuri hujitangaza siku ya kwanza.

Tatu, ilinganishe na kazi ya awali ya mwanamuziki yuyo huyo kabla ya kumlinganisha na hasimu wake. Amepiga hatua au amesimama palepale? Nne, unapokosoa taja wimbo, taja mstari, taja ala. Kumwambia kijana kwamba ngoma inaifunika sauti yake katika wimbo wa pili ni kumsaidia, kwani kesho atamwambia fundi wa studio airekebishe. Kumwambia kwamba hajui kuimba ni kumtukana, na hana cha kurekebisha. Tano, ukiipenda, ilipie kwa kiasi unachoweza.

Kwa wale wa Kibera, kumbukeni pia kwamba Pamoja FM ilianzishwa papo hapo mtaani mwaka 2007. Redio ya jamii ni mahali pazuri pa kutetea albamu unayoipenda mbele ya majirani wanaoweza kukujibu.

Kuupenda mtaa wako hakuna ubaya. Kibera na Kawangware zimetajwa kwa mabaya kiasi kwamba mwana wake akiimba vizuri, moyo lazima ufurahi. Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Mwanamuziki aliyekesha akiunda albamu ya nyimbo 12 anastahili mtu wa kuzisikiliza zote 12 na kumwambia ukweli wa kila mmoja. Mtu huyo akiwa jirani yake, ukweli huo utamfikia mapema, kabla hajalipia video. Ukikutana naye kesho kwenye foleni ya maji, utamwambia nini?